Seva ya Faili Inapogoma: Kusoma Dalili Kabla ya Kugusa Diski

"Fundi, seva inaniambia nitengeneze hifadhi upya. Nibonyeze?"

Simu hiyo ilinifikia saa mbili asubuhi, mwezi wa Aprili, kutoka ofisi moja ya wapima ardhi hapa Kisumu, baada ya usiku wa radi ambao stima ilipotea na kurudi mara tatu kabla ya kupambazuka. Nilimwambia kijana aliyepiga asibonyeze kitu, achomoe kebo ya mtandao, na aiache mashine kama alivyoikuta. Ndani yake mlikuwa na diski nne za terabaiti 4 kila moja, zilizobeba ramani za mashamba kuanzia Nyando hadi Vihiga, na kitufe kile kingeandika kumbukumbu mpya tupu juu ya ile inayoieleza seva jinsi data ilivyopangwa. Katika kazi hii nimeona data nyingi zaidi ikipotea saa moja baada ya hitilafu, mikononi mwa mtu mwenye nia njema, kuliko ile iliyopotezwa na hitilafu yenyewe. Kwa hiyo utaratibu ninaoueleza hapa una sharti moja linalotangulia dalili zote: mpaka chanzo kijulikane, seva isomwe tu, isiandikwe.

Hatua ya kwanza haihitaji hata kompyuta. Zima seva kwa utaratibu ikiwa bado inatii, chukua kalamu ya wino mzito, uandike juu ya kila diski nambari ya nafasi yake kuanzia kushoto, kisha upige picha lebo zote ili nambari za utambulisho za kiwandani zisomeke. Mifumo mingi ya kisasa huzitambua diski hata zikichanganyika, lakini binadamu aliyeambiwa atoe "diski ya 2" hajui kama hesabu inaanzia sifuri au moja, na kuchomoa diski nzima badala ya ile mbovu ni ajali niliyoikuta mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

Seva haiwaki, au inawaka na kuzimika

Seva isiyowaka kabisa huwatisha wenye ofisi, ingawa mara nyingi ndiyo yenye habari njema, kwa sababu huenda diski hazijaguswa na tatizo lolote. Ijaribu kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, bila kupitia kamba ya soketi nyingi iliyo chini ya meza. Ikiwa bado haiwaki, shuku adapta. Adapta iliyochoka inaweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye kipimo ikiwa haina mzigo, kisha ikaporomoka mara diski zinapoanza kuzunguka, maana diski moja ya inchi 3.5 huvuta takriban ampea 2 kwenye laini ya volti 12 katika sekunde za mwanzo. Jaribio linalotenganisha mambo ni kuchomoa diski zote, zikiwa zimeshaandikwa nambari, na kuiwasha seva tupu. Ikiwaka na kutulia, basi adapta haimudu mzigo au kuna diski yenye shoti; isipowaka, tatizo liko kwenye adapta yenyewe au kwenye bodi. Baadhi ya seva zikiwashwa bila diski hujitolea kusakinishwa upya, zikatalie.

Ikiwa seva inawaka lakini tarehe yake imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi imekwisha. Kasoro hiyo huonekana ndogo, ila katika ofisi zinazotumia kikoa cha Windows (domain), yaani seva moja inayothibitisha watumiaji wote, saa ikipishana kwa zaidi ya dakika 5 seva itawakataa watumiaji wote hata kama maneno yao ya siri ni sahihi.

Inawaka, lakini kompyuta haziioni

Hapa diski zisiguswe kabisa. Fungua seva kwa nambari yake ya mtandao, kwa mfano `\\192.168.1.20`, badala ya jina. Nambari ikikubali na jina likikataa, kosa liko kwenye utafutaji wa majina. Nambari ikikataa pia, uliza kama kuna aliyebadilisha rauta wiki hiyo, kwa kuwa rauta mpya hugawa nambari mpya na njia za mkato zote za zamani hubaki zikielekeza pasipo na mtu.

Ikiwa seva inaonekana kwenye kompyuta kuukuu na haionekani kwenye mpya, chanzo ni Windows. Toleo la kwanza la itifaki ya SMB, yaani lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kufungua faili za seva, ambalo virusi vya WannaCry vililipitia mwezi wa Mei 2017, liliacha kusakinishwa na Windows 10 mwaka huo huo, na seva za kale zisizojua toleo jingine zikatoweka machoni pa kompyuta mpya. Windows 11 toleo la 24H2 limekaza zaidi, kwani hudai mawasiliano yatiwe sahihi na matoleo yake ya ofisini hukataa kuingia kama mgeni asiye na neno la siri. Dawa ni kusasisha programu ya seva na kumpa kila mtumiaji jina na neno lake la siri. Kuirudisha SMB ya kwanza kwenye kompyuta zote, kama mafundi wengine wanavyofanya ili waondoke mapema, ni kuufungua mlango uliofungwa kwa sababu.

Faili zinasomeka, lakini hazihifadhiki

Angalia nafasi kwanza kwa amri `df -h` ya Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi za namna hii, maana hifadhi iliyojaa hutoa dalili za ajabu, na mifumo ya faili ya ZFS na Btrfs husumbuka hata kabla ya kufikia asilimia 100. Kama nafasi ipo, yamkini mfumo wa faili umejifunga wenyewe katika hali ya kusomwa tu baada ya kugundua kosa. Usiulazimishe kufunguka. Nakili kwanza data yote kwenye diski ya nje maadamu inasomeka, ndipo uendeshe `e2fsck -n` kwa ext4 au `xfs_repair -n` kwa XFS. Ile herufi `n` inaagiza programu itoe ripoti bila kurekebisha chochote. Kwa Btrfs, amri ya `btrfs check --repair` iwe ya mwisho kabisa, baada ya nakala kuwa salama, kwa sababu inaweza kuharibu zaidi.

Diski moja imeondolewa kwenye safu

Taa ya chungwa, kengele isiyonyamaza, au neno DEGRADED kwenye ukurasa wa usimamizi. Safu ni diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, kwa mpango uitwao RAID, na DEGRADED maana yake safu imepungukiwa. Katika RAID ya aina ya 1, 5 au 6 data bado ipo na kazi inaweza kuendelea, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu watu huchomoa diski iliyotolewa na kutia mpya bila kuuliza kwa nini ilitolewa.

Iulize diski yenyewe. Kila diski hujiandikia kumbukumbu ya afya iitwayo SMART, inayosomwa kwa `smartctl -a /dev/sdb` (`/dev/sdb` ni jina la diski), na kati ya mistari yake mingi mimi huanza na minne. Mstari wa 5 unahesabu sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, wa 197 sekta zinazosubiri kuamuliwa, na wa 198 zile zilizoshindikana kusomeka. Yoyote kati ya hiyo mitatu ikiwa inapanda kila unapoitazama, diski inakufa. Mstari wa 199 ni wa namna nyingine, kwani unahesabu makosa ya njiani kati ya diski na bodi. Ukipanda huo peke yake, badilisha kebo au safisha kiungio, na diski yako huenda ni nzima kabisa.

Kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakijui. Diski ya bei nafuu ya kompyuta ya mezani ikikutana na sekta ngumu kusoma inaweza kuhangaika nayo kwa dakika moja au zaidi, ilhali Linux kwa kawaida huisubiri sekunde 30 tu kabla ya kuihesabu kuwa haijibu. Diski zilizoundwa kwa ajili ya seva hukata tamaa mapema, kwa kawaida baada ya sekunde 7, na kuiachia safu ikokotoe kilichokosekana kutoka diski nyingine. Amri ya `smartctl -l scterc /dev/sdb` huonyesha kama diski yako ina uwezo huo, na `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdb` huuwasha, ingawa diski nyingi huusahau zikizimwa na amri hupaswa kurudiwa kila seva inapowaka.

Joto nalo lina sehemu yake. Katika seva za mjini Kisumu mimi hufungua kifuniko cha feni kabla ya yote, kwa sababu wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku hufia kwenye wavu wa feni hadi ukawa kama blanketi, na diski zilizostahili kukaa chini ya nyuzi 45 zinavuka 50 alasiri ya jua kali. Wenzangu wa Nakuru hukutana na vumbi badala ya wadudu, na matokeo ni yale yale.

Kabla ya kutia diski mpya, chukua nakala rudufu. Kujenga upya safu ya diski za terabaiti 4 huchukua saa 7 au 8 kwa uchache, na katika muda huo diski zilizobaki husomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, pengine kwa mara ya kwanza tangu zinunuliwe. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huahidi si zaidi ya sekta moja isiyosomeka katika kila biti 10¹⁴, yaani takriban terabaiti 12.5. Mara nyingi diski hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini katika RAID 5 iliyokwisha kupoteza diski moja, sekta moja tu isiyosomeka inaweza kuusimamisha ujenzi wote katikati. Hakikisha pia kwamba diski mpya haipungui ile ya zamani hata kwa megabaiti moja, la sivyo safu itaikataa.

Diski mbili kwa mara moja

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya wapima ardhi. RAID 5 huvumilia kupotea kwa diski moja, na seva yao ilidai imepoteza mbili kwa usiku mmoja. Mimi huwa siamini dai la namna hiyo kabla ya kuona ushahidi, kwa kuwa diski mbili kufa kweli ndani ya saa moja ni jambo la nadra, ila kupigwa na radi. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba ya kwanza ilikufa zamani bila mtu kujua.

Kwenye Linux, na pia kwenye seva nyingi za dukani ambazo kwa ndani ni Linux, kila diski ya safu hubeba kumbukumbu ndogo yenye hesabu ya matukio. Hesabu hiyo husonga mbele kila hali ya safu inapobadilika, hivyo diski iliyoachwa nyuma hujulikana kwa namba yake ndogo. Niliandika `mdadm --examine` kwa diski zote nne, na kwenye mstari wa matukio nikakuta 48213 kwa diski ya kwanza, 48209 kwa ya pili, 31407 kwa ya tatu, na 48213 kwa ya nne. Kumbukumbu ya diski ya tatu ilikuwa na tarehe ya mwishoni mwa Januari. Kwa miezi miwili na zaidi ofisi ilikuwa ikifanya kazi juu ya diski tatu, na onyo la barua pepe halikumfikia mtu kwa sababu hakuna aliyewahi kuingiza anwani. Radi ilichofanya ni kuiangusha ya pili, na kwa hatua nne tu.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua njia. Diski ya pili iko karibu sana na wenzake na inaweza kurudishwa, na kitakachokosekana ni maandishi ya sekunde za mwisho. Ya tatu ina data ya Januari. Ukiirudisha pamoja na nyingine utachanganya ya jana na ya mwaka mpya, na faili zitaharibika kimya kimya. Laiti yule kijana angebonyeza kitufe, zote nne zingepangwa upya kana kwamba ziko sawa.

Kabla ya kulazimisha chochote nilinakili diski ya pili, sekta kwa sekta, kwenye diski mpya. Programu ya kazi hiyo ni GNU ddrescue, ambayo kwenye Debian na Ubuntu husakinishwa kwa jina la gddrescue. Iko nyingine yenye jina la kukaribiana, wala si hiyo. Mzunguko wa kwanza, `ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sde sdb.map`, huchukua kila kinachosomeka kwa wepesi na kuyaruka maeneo magumu. Wa pili, `ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sde sdb.map`, huyarudia yale magumu mara tatu. Faili ya ramani iliyo mwishoni mwa amri huweka kumbukumbu ya kilichokwisha kusomwa, hivyo stima ikipotea kazi huendelea ilipoishia. Soma amri mara mbili kabla ya kuituma, kwa kuwa ukigeuza chanzo (`/dev/sdb`) na mwisho (`/dev/sde`, diski mpya) utanakili diski tupu juu ya data. Mwenye uwezo anakili diski zote zinazohitajika na kufanya kazi yote iliyobaki juu ya nakala.

Baada ya hapo nilisimamisha safu iliyojiunga nusu kwa `mdadm --stop`, nikaiunganisha kwa `mdadm --assemble --force --run --readonly` nikitaja diski ya kwanza, nakala ya ya pili, na ya nne. Ya tatu ilikuwa mezani, imefungwa kwa bahasha. Neno `--force` huisogeza mbele hesabu ya diski iliyobaki nyuma kidogo, na kwa kuwa hilo ni kuandika, ndiyo sababu nililifanya kwenye nakala. Nilifungua mfumo wa faili kwa `mount -o ro,noload`, kwa sababu ext4 hata ikifunguliwa kwa kusomwa tu hupenda kwanza kukamilisha maandishi yaliyokatika, na `noload` huizuia. Katika seva nyingine kati ya safu na mfumo wa faili kuna tabaka la LVM, linalogawa nafasi ya diski, nalo huamshwa kwa `vgchange -ay`. Folda zilipojitokeza kwenye skrini mzee wa ofisi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo, alivuta kiti akakaa.

Amri ambayo sikuitumia ni `mdadm --create`. Ipo miongozo inayoipendekeza katika hali hii, na kweli inaweza kufaulu ikiwa unajua kwa hakika mpangilio wa diski, ukubwa wa vipande na mahali data inapoanzia. Ukikosea kimoja, unachokiona ni takataka, na ukiruhusu ujenzi uanze, takataka hiyo inakuwa ya kudumu.

Diski inayogonga kama mtu anayebisha hodi, au inayoanza kuzunguka na kukata, haifai kwa utaratibu huu. Kichwa chake kimeharibika, na kila dakika ya kuiwasha hukwaruza sahani ndani. Izime na uamue kama data yake inastahili gharama ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Kuiweka kwenye friji, kama wanavyoshauri watu, huleta unyevu ndani na hakuna jingine la maana.

Mfumo wa uendeshaji umekufa, diski ni nzima

Seva nyingi za kujiundia, kama zile za TrueNAS na OpenMediaVault, huweka mfumo kwenye kifaa kidogo cha pembeni na data kwenye diski kubwa. Kifaa hicho kikiwa ni flashi ya USB hufa mapema kwa kuandikwa mara kwa mara, na seva ikaonekana imepoteza kila kitu, kumbe data haijaguswa. Chomoa diski za data, sakinisha mfumo upya kwenye SSD ndogo, rudisha diski, kisha uzitambulishe. Kwa ZFS, `zpool import` bila jina lolote huorodhesha kilichopo bila kubadilisha kitu, na `zpool import -o readonly=on -f -R /mnt` pamoja na jina la hifadhi huifungua kwa kusomwa. Ikikataa kwa sababu miamala ya mwisho imeharibika, `-Fn` hukueleza kama kurudi nyuma kidogo kungefaa, na `-F` hufanya hivyo kwa kuzitupa sekunde za mwisho za kazi. Ikiwa data ilisimbwa kwa ufunguo uliokuwa kwenye flashi iliyokufa, na hakuna nakala ya mipangilio mahali pengine, hapo safari imekwisha.

Faili zina majina mageni na kuna barua ya kudai pesa

Chomoa kebo ya mtandao mara moja. Hapa RAID haina msaada, kwa kuwa diski zote zimeandika uharibifu ule ule kwa uaminifu. Seva iliyofunguliwa kwenye intaneti ili watu wafanye kazi wakiwa nyumbani ndiyo inayoshambuliwa. Mwezi wa Juni 2021 vifaa vingi vya kuhifadhia faili vya My Book Live vilifutwa kutoka mbali, na Januari 2022 kirusi cha DeadBolt kikaanza kufunga seva za QNAP. Tafuta kama seva ilikuwa ikihifadhi taswira (snapshot) za kila saa au kila siku, yaani hali ya faili zote ilivyokuwa wakati huo, ambazo ZFS na Btrfs huweza kuzitunza katika hali isiyoandikika, na urudi kwenye ile ya kabla ya shambulio. Sakinisha mfumo upya kwanza, maana aliyeingia huenda bado yumo.

Kabla ya kuirudisha kazini

Usihesabu folda kuwa ni faili. Fungua ramani kumi au ishirini, kubwa na ndogo, za mwaka jana na za wiki iliyopita, na mwenye kazi azitazame kwa macho yake. Kule kwa wapima ardhi faili mbili zilizokuwa zikihifadhiwa stima ilipopotea zilifunguka zikiwa na upande mmoja mweupe, na zikachorwa upya siku hiyo hiyo kutoka vitabu vya shambani.

Tulinunua UPS, yaani betri ya akiba, yenye waya wa USB na kuiunganisha na seva, ili seva ijizime yenyewe betri inapokaribia kwisha. Ile isiyo na waya hurefusha tu dakika kabla ya ajali, na katika giza la nchi nzima la tarehe 25 Agosti 2023 zote za namna hiyo ninazozitunza ziliisha seva zikiwa zimewaka. Tuliingiza anwani mbili za barua pepe na kutuma onyo la majaribio hadi likaonekana kwenye simu ya mzee. Tuliweka ukaguzi wa diski zote kila mwezi usiku wa Jumamosi.

Diski ya tatu ilipopimwa ilikuwa na sekta 216 kwenye mstari wa 197, haifai hata kwa mafunzo. Kwa kuwa ilibeba majina, nambari za vitambulisho na mipaka ya mashamba ya wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye ofisi azilinde habari hizo, hatukuitupa kwenye pipa wala kumpa muuza vyuma chakavu. Yule kijana aliishika kwa koleo, nami nikaipiga matundu manne kwa drili, moja kwa kila robo ya sahani.